SOMO: Kuanza ngumi ukiwa mtu mzima mpaka siku unapanda ulingoni

Nimeulizwa hili mara nyingi mpaka nimeona bora niandike mara moja. Nina miaka 28, nina 31, nina 35, sijawahi kuvaa glavu, naweza kuanza ngumi na nikapigana pambano la kweli? Unaweza, na kitakachokukwamisha siyo umri ni haraka. Mtu mzima anakuja na kifua cha kunyanyua vyuma na hasira zake za kazini, wiki ya pili anataka kuzipiga na mtu, ya tatu anauguza mbavu, ya nne humuoni tena.

HATUA YA 1: Daktari kwanza, glavu baadaye. Pima presha, moyo, macho, na sema ukweli kama ulishawahi kupoteza fahamu au una kifafa. Kwenye ngumi za ridhaa (zile zisizo za kulipwa) utapimwa tu kabla ya kupigana, sasa kwa nini ufanye mazoezi mwaka mzima ndo uje kuambiwa macho hayaruhusu?

HATUA YA 2: Tafuta kocha, usitafute jengo zuri. Nenda siku moja ukae tu pembeni uangalie wapya wanafanyishwa nini. Ukiona mpya anatupiwa mtu mzoefu eti "apimwe moyo", chukua begi lako ondoka. Mimi nilianza na miaka 27 na klabu yangu ya kwanza siku ya nne tu niliwekwa na jamaa mwenye mapambano kama 15, nilikula makonde mpaka nikatapika, kichwa kiliniuma siku tatu na kocha anacheka, nikaacha ngumi miezi sita nikidhani mimi ndo legelege. Na uliza kabisa kama hapo wanapeleka mabondia kwenye mashindano, maana jimu nyingi zinafundisha ngumi za kutoa jasho, siyo mbaya, ila hazikufikishi ulingoni.

HATUA YA 3: Vifaa. Bandeji za mikono za mita 4.5, kinga ya meno ile ya kuchovya maji ya moto halafu unaing'ata ichukue umbo la meno yako, kinga ya kinena, kamba ya kuruka. Glavu za begi (lile gunia la kupigia ngumi) aunsi 12 au 14, za sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako) aunsi 16, na usizichanganye, begi linaua sponji na glavu ikishakufa unamuumiza mwenzako.

HATUA YA 4: Miguu. Hapa ndo wengi wanaboeka na hapa ndo ngumi ilipo. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma na kisigino kimenyanyuka kidogo, magoti yamelegea, kidevu chini, mikono mashavuni. Ukienda mbele unaanza mguu wa mbele, ukirudi unaanza wa nyuma, kushoto unaanza wa kushoto, kulia wa kulia, miguu haikutani na haipishani. Inaonekana kitu cha kitoto lakini ukiguswa miguu imepishana unakaa chini hata kama ngumi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwezi wa kwanza ukijua kutembea, gadi (mikono juu kujikinga) na jabu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele) inatosha kabisa. Na jabu inarudi njia ileile iliyoendea, bega limefunika kidevu, wengi wanaitupa vizuri halafu mkono unarudi umeshukia kiunoni, hapo umemfungulia mwenzio mlango. Ngumi ya nyuma inatoka kwenye kisigino na nyonga, siyo kwenye mkono, ukiona bega linachoka haraka jua unapiga kwa mkono.

Pumzi: kimbia mara tatu kwa wiki, mbili taratibu na moja ya mbio fupifupi, kamba raundi tatu kila siku ya mazoezi. Mtu mzima pumzika siku mbili kwa wiki, kano zako zinachelewa kupona kuliko misuli, kifundo cha mkono ndo kinaanza kulalamika.

HATUA YA 5: Sparingi, na siyo kabla ya mwezi wa nne wa mazoezi. Anza ya jabu tu, halafu ya mwili tu, halafu ya wazi lakini taratibu. Sparingi nzito chache sana, ubongo hauna mazoezi ya kuuimarisha.

HATUA YA 6: Pambano. Kocha ndo anasema uko tayari, siyo wewe. Ngumi za ridhaa za kimataifa ni raundi 3 za dakika 3, mapumziko dakika 1, wanaoanza mara nyingi wanapewa raundi fupi. Kila raundi majaji wanampa mshindi pointi 10, mwenzake 9 au chini ya hapo, kwa hiyo ngumi safi zinazoonekana zinalipa kuliko kurusha ovyo. Jiandae kwa hili, siku ya kwanza pumzi itakata raundi ya kwanza hata kama unakimbia kama swala, ni wasiwasi unakunywa nguvu, pumulia pua na urudi kwenye jabu.

MASWALI

Mzee Kijana: Mkuu nina 36, si nitakuwa nimechelewa?
Kwenye ngumi za ridhaa za kimataifa daraja la wakubwa linaanzia miaka 19 mpaka 40, zamani kikomo kilikuwa 34. Kwa hiyo mlango upo ila ni mwembamba, anza sasa hivi. Deontay Wilder, bondia wa Marekani wa uzito wa juu, alianza 2005 akiwa na miaka kama 20 na 2008 akachukua shaba ya Olimpiki, lakini yule alikuwa mwanamichezo tayari, usijipime naye.

Mashoto: Natumia kushoto, kocha anataka nisimame kama wa kulia.
Mwulize sababu, kwa heshima. Kama ni kwa vile yeye hajui kufundisha mashoto, tafuta mwingine, ukiwa mashoto una faida usiitupe.

Dada Mkimbiaji: Nahitaji kushusha kilo 6 kwa wiki moja nipigane uzito wa chini, inawezekana?
Hapana dada yangu. Hayo ni maji unayatoa, na mwili ukiishiwa maji ndo usiende kupigwa kichwani. Pambano la kwanza pigana na uzito unaoamka nao.

Kobe: Video za nyumbani zinatosha?
Kwa kamba na kutembea, sawa. Video haiwezi kukuambia mkono wako wa kulia umeshuka.

Kobe: Na kichwa kikiuma baada ya sparingi?
Unasimama siku hiyohiyo, na unaenda hospitali. Kikiambatana na kutapika, kuona mawili au kusahau, usilale kwanza ukasema utaona kesho, nenda usiku huohuo. Halafu hurudi sparingi mpaka daktari aseme, hata kama kocha anakuita mwoga.