Somo: Kufika kwa Mkapa siku ya mechi kubwa na kurudi nyumbani bila taabu

Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 pale Temeke, Dar es Salaam, huchukua watazamaji 60,000, na karibu wote hupitia Barabara ya Mandela, Barabara ya Kilwa au Barabara ya Chang'ombe. Kwa hiyo siku Simba na Yanga zinapokutana, shabiki hachoshwi na safari yenyewe bali na kile kipande cha mwisho kati ya barabara kuu na geti, na somo hili linahusu kipande hicho.

Hatua ya kwanza: Kata tiketi mapema na uhakikishe N-Card yako, yaani kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, inafanya kazi. Tazama umekata eneo gani la kukaa, Mzunguko, Machungwa au mojawapo ya VIP, kisha ulijue geti lako kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu kulitafuta ukiwa katikati ya msongamano ni kazi ngumu.

Hatua ya pili: Chagua barabara kulingana na unakotoka. Anayetoka Ubungo au Buguruni hufuata Mandela na kupita TAZARA, ambako Daraja la Mfugale limepunguza sana foleni tangu 2018, ingawa siku ya mechi foleni hiyo huhamia mbele, karibu na uwanja. Anayetoka Posta au Mbagala hutumia Barabara ya Kilwa na kushuka kituo cha Uhasibu. Kwa anayetoka Kariakoo, mimi humshauri apite Chang'ombe, hasa kama yuko tayari kutembea.

Hatua ya tatu: Shuka kabla gari halijakwama. Ukiona daladala halisogei na mashabiki wenye jezi wameanza kushuka, shuka nawe utembee pamoja nao. Ni salama zaidi kuliko kupanda bodaboda inayopenya katikati ya watu.

Hatua ya nne: Mechi ikiisha, usigombanie gari la kwanza mbele ya uwanja. Tembea hadi barabara kuu iliyo upande wa kwenu, ndipo utafute usafiri.

Maswali ya wanachama

Swali: Nitakuja kwa treni ya SGR kutoka Dodoma. Nikishuka nielekee wapi?
Jibu: Ukishuka kituo cha mwisho, katikati ya jiji, tafuta usafiri unaopita Barabara ya Kilwa. Hata hivyo, panga kufika jijini saa kadhaa kabla ya mechi, kwa maana treni ina ratiba lakini barabara haina.

Swali: Uwanja wa Uhuru ndio huo huo?
Jibu: Hapana, ni majirani. Uhuru ndio uwanja wa zamani, ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa Desemba 1961, na ni vyema kila shabiki aufahamu kwa heshima hiyo. Mtajie dereva jina kamili ili asikushushe upande usio wako.

Swali: Ndugu, naweza kuja na watoto wawili wadogo?
Jibu: Njoo nao, dada yangu, lakini ingieni mapema na mtoke umati ukishapungua. Weka namba yako ya simu kwenye karatasi ndani ya mfuko wa kila mtoto, na mkubaliane kwamba atakayepotea asiende barabarani, bali amfuate askari aliye karibu na geti mliloingilia.