Somo: Kwa nini kompyuta inaonyesha RAM inayotumika ni pungufu kuliko iliyofungwa

Mashine imefungwa RAM ya GB 8, lakini ukifungua ukurasa wa maelezo ya mfumo unakuta imeandikwa kwamba zinazoweza kutumika ni GB 5.9 tu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia bisibisi, au hununua RAM nyingine ambayo nayo ikifungwa huleta malalamiko yaleyale. Ninachokishauri katika somo hili ni kwamba pengo lenyewe lipimwe kwanza, kwa sababu ukubwa wake mara nyingi hutaja chanzo kabla hujagusa kitu chochote.

Kabla ya hatua, ni vyema tuelewe kwamba tarakimu hizo mbili hazitoki mahali pamoja. Kila RAM ina chipu ndogo iliyohifadhi maelezo yake, yaani ukubwa, kasi na aina. Mashine inapowaka, BIOS, yaani programu ya bodi kuu inayotangulia kufanya kazi kabla ya Windows, husoma chipu hiyo na kuyaandika maelezo hayo katika jedwali, na Windows hujumlisha kutoka humo ile tarakimu ya RAM iliyofungwa. Tarakimu ya pili hutokana na ramani ya kumbukumbu, ambayo BIOS huikabidhi Windows wakati wa kuwaka ikionyesha ni maeneo gani yako huru na ni yapi tayari yametengwa. Kwa hiyo tarakimu ya kwanza ni yale RAM inayosema kuhusu yenyewe, na ya pili ni kile ambacho mfumo umekabidhiwa kweli. Isitoshe, chipu ile husomwa kupitia nyaya zake, tofauti na zile zinazopitisha data, na ndiyo maana RAM inaweza kutambuliwa vizuri kabisa kwa ukubwa wake ilhali haiwezi kubeba hata baiti moja.

Hatua ya 1: Pima pengo

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, kisha chagua Memory. Chini ya grafu, miongoni mwa maelezo madogo, utaona maneno "Hardware reserved" na kiasi chake. Ukitaka kuona kwa mchoro, andika resmon kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua kichupo cha Memory, na utazame ule mstari mrefu wa rangi: sehemu ya kijivu upande wa kushoto ndiyo iliyotengwa kwa ajili ya vifaa, na ndiyo tunayoishughulikia hapa. Rangi zilizobaki zinaonyesha jinsi Windows inavyogawa RAM ambayo tayari imekwisha kuipokea, na hilo ni suala jingine kabisa.

Kama sehemu ya kijivu ni makumi ya megabaiti, au hata megabaiti mia mbili au tatu, funga dirisha uendelee na kazi zako, kwani hakuna mashine isiyotenga chochote. Kama ni kiasi kinachokaribia MB 512, GB 1 au GB 2, mshukiwa wa kwanza ni grafiki iliyo ndani ya prosesa. Kama jumla imegota chini kidogo ya GB 4 hata ukiongeza RAM, tazama aina ya Windows. Kama iliyopotea ni nusu kamili, au ni sawa na RAM moja nzima, tatizo liko kwenye sloti, kwenye RAM yenyewe au kwenye soketi ya prosesa. Kiasi cha ajabu kisicholingana na lolote kati ya haya kwa kawaida ni mpangilio ambao mtu aliugusa.

Hatua ya 2: Tazama aina ya Windows

Fungua Settings, kisha System, kisha About, na usome mstari wa "System type". Mfumo wa biti 32 unaweza kutaja anwani 4,294,967,296 tu, na kwa kuwa kila anwani ni ya baiti moja, hizo ni GB 4 kamili. Jambo linalosahaulika ni kwamba anwani hizo si za RAM peke yake: kadi ya grafiki, kadi ya mtandao na vifaa vingine vilivyomo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, navyo hupewa anwani, na kwa desturi hupangiwa eneo la juu, chini kidogo ya kikomo cha GB 4. RAM iliyostahili kukaa kwenye anwani hizo hukosa pa kuitwa. Ndiyo maana mashine yenye GB 4 na mfumo wa biti 32 huonyesha GB 3 na kitu, na kadi ya grafiki inayodai eneo kubwa la anwani huweza kuishusha zaidi.

Ikiwa mstari huo unasema mfumo ni wa biti 32 lakini prosesa ni ya x64, yaani ya biti 64, dawa ni kufunga Windows ya biti 64 upya. Haiwezekani kupanda kutoka biti 32 hadi biti 64 huku programu zako zikibaki mahali pake, kwa hiyo hifadhi mafaili kwanza. Windows 11 haina toleo la biti 32, hivyo anayeitumia airuke hatua hii.

Wanaotumia matoleo ya zamani wakumbuke pia vikomo vilivyowekwa na Microsoft yenyewe. Windows 7 Home Basic ya biti 64 haivuki GB 8, na Home Premium haivuki GB 16, hata mazabodi ikubali zaidi ya hapo. Windows 10 Home inafika GB 128, kwa hiyo huko kikomo hicho ni nadra kumgusa mtu.

Hatua ya 3: Ondoa kikomo kilichowekwa kwenye msconfig

Andika msconfig, fungua kichupo cha Boot, bonyeza Advanced options, na uangalie kisanduku cha "Maximum memory". Kinatakiwa kiwe hakina tiki. Kisanduku hiki kiliwekwa kwa ajili ya wanaojaribu programu katika mazingira ya RAM ndogo, na kazi yake ni kupunguza tu. Hakuna siku kimewahi kuongeza RAM wala kuharakisha mashine. Ushauri unaozunguka mtandaoni wa kukitia tiki na kuandika tarakimu kubwa hauna msingi, na kwa maoni yangu umeleta malalamiko mengi kuliko RAM mbovu. Ondoa tiki, kubali, kisha uwashe mashine upya.

Hatua ya 4: Ingia BIOS

Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli la Windows linaloficha data ya diski, hakikisha una ufunguo wa kurejesha kabla ya kubadilisha lolote, kwa sababu mabadiliko mengine ya BIOS huifanya Windows iudai inapowaka.

Kwanza soma jumla ya RAM ambayo BIOS yenyewe inaitaja. Ikiwa hata BIOS haiioni RAM yote, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5, kwani Windows haina kosa.

Kisha tafuta mpangilio wa grafiki. Jina hubadilika kutoka mazabodi moja hadi nyingine: kwenye mashine za AMD hupenda kuitwa "UMA Frame Buffer Size", na kwenye za Intel "DVMT Pre-Allocated". Hapo ndipo grafiki ya ndani ya prosesa humegewa RAM yake, na kilichomegwa hakirudi kwa Windows hata kama hakitumiki. Ukikuta imewekwa GB 2 kwenye mashine ya GB 8 inayofanya kazi za ofisi, iteremshe hadi MB 512 au uiweke Auto. Grafiki ikihitaji zaidi itaazima kutoka kwenye RAM ya kawaida na kuirudisha baadaye. Anayecheza michezo mizito aache kama ilivyo, kwa kuwa kuna michezo inayokagua kiasi hicho na kukataa kuwaka ikiwa ni kidogo. Laptopu nyingi zimeuficha mpangilio huu kabisa, na hapo hakuna la kufanya.

Kwenye mazabodi za zamani tafuta pia "Memory Remap Feature" na uiwashe. Kazi yake ni kuihamisha ile RAM iliyokosa anwani chini ya GB 4 na kuipa anwani za juu ya kikomo hicho, ambako mfumo wa biti 64 unafika bila shida.

Hatua ya 5: Fungua mashine

Zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ikiwa inatoka, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Ichomoe, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, iache ikauke, kisha uirudishe kwa kuibonyeza hadi vibano vijifunge vyenyewe. RAM iliyoinama upande mmoja kwa kiasi kisichoonekana vizuri kwa macho ndiyo sababu ya kawaida ya nusu kupotea.

Ikishindikana, washa mashine ukiwa na RAM moja tu, kisha ubadilishe, halafu ujaribu kila moja katika kila sloti. Tatizo likiifuata RAM, RAM ni mbovu. Tatizo likibaki kwenye sloti, shuku mazabodi, lakini usiihukumu kabla ya kuiangalia soketi ya prosesa. Kidhibiti cha RAM kimo ndani ya prosesa, hivyo pini moja iliyopinda, au kipoozaji kilichokazwa upande mmoja zaidi ya mwingine, huweza kuzima sloti za upande mzima.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, laptopu yangu ina GB 4 na Windows ya biti 64, inaonyesha zinazotumika ni 3.88. Je, nifuate hatua zote?

Jibu: Hapana, ndugu. Pengo lako ni takribani MB 120. Mashine yako ni nzima.

Swali: Nimesoma kwamba kuna PAE, inayowezesha mfumo wa biti 32 kufika GB 64. Kwa nini hukuitaja?

Jibu: Ni kweli PAE hupanua anwani za RAM hadi biti 36, na matoleo kadhaa ya Windows ya seva ya biti 32 yaliitumia kuvuka GB 4. Lakini matoleo ya kawaida, tangu Windows XP SP2, yamefungiwa kwenye GB 4 kwa makusudi, kwa sababu draiva nyingi zilivurugika zilipokutana na anwani zilizo juu ya hapo. Viraka vinavyodai kuondoa kikomo hicho huchezea kiini cha mfumo, nami sivipendekezi. Kama prosesa yako inakubali biti 64, hamia huko.

Swali: Kwangu "Hardware reserved" ni MB 90 tu, lakini RAM imejaa asilimia 60 nami sijafungua programu yoyote. Kiasi hicho kimekwenda wapi?

Jibu: Suala lako halimo katika somo hili, kwa kuwa Windows imeshapokea RAM yako yote na sasa inaitumia. Tazama kwenye resmon ni programu gani zinajiwasha zenyewe. Usihesabu ile sehemu ya "Standby" kuwa imepotea, kwani ni akiba ya data iliyosomwa karibuni, na huachiwa mara programu inapohitaji nafasi.

Swali: Mimi natumia Linux, na amri ya free inaonyesha jumla pungufu kuliko RAM niliyofunga. Je, sababu ni zilezile?

Jibu: Karibu zote, ukiacha msconfig. Zaidi ya hapo, jumla inayotolewa na free imeshaondoa sehemu zilizotengwa pamoja na msimbo wa kernel yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo pengo dogo halikosekani. Linganisha na amri ya sudo dmidecode -t memory, ambayo husoma lile jedwali la BIOS na kutaja kila sloti na kilichomo.

Swali: Nimefunga kadi ya grafiki yenye RAM yake, lakini GB 2 zilizomegwa hazijarudi. Nimekosea wapi, mkuu?

Jibu: Hujakosea. Baadhi ya mazabodi huendelea kuitengea RAM grafiki ya ndani hata kama hakuna skrini iliyochomekwa kwake. Ingia BIOS, zima "Integrated Graphics", uhifadhi, na uhakikishe waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi mpya na si kwenye mazabodi, la sivyo mashine itawaka huku skrini ikibaki nyeusi.