Bunduki mpya haipigi unapolenga: namna ya kuipima na kumdai muuzaji

Umelipa mamilioni ya shilingi za Uganda kwa bunduki ya shabaha uliyoambiwa inapiga ndani ya dakika moja ya pembe, yaani milimita 29 kwa umbali wa mita 100. Matundu kwenye karatasi yametawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Ukipiga simu dukani unaambiwa kosa ni la mpigaji. Kubishana kwa simu hakutakusaidia. Kitakachokusaidia ni karatasi zilizopimwa, kwa hiyo anza na bunduki yenyewe.

Toa risasi zote, fungua bolti (chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya mtutu), tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na uiguse kwa kidole. Kisha kagua skrubu, maana lawama nyingi za mtutu mbovu huishia hapo. Skrubu zinazoshika darubini kwenye pete hukazwa kwa kiasi cha nyutoni mita 2 tu. Ukizidisha unaibana darubini hadi inaumia. Zile zinazoshika mtutu na chuma chake cha nyuma kwenye kitako cha alumini huhitaji takriban nyutoni mita 7, lakini kitako cha mbao au plastiki huhitaji pungufu, basi fuata kijitabu cha kiwanda. Tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Mkono hauwezi kukisia tofauti hiyo.

Chukua noti ya shilingi 1,000, ikunje mara mbili, uipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele kurudi nyuma. Ikiwa mtutu umeundwa kuning'inia bila kuguswa na noti ikakwama, kitako kinausukuma, na kadiri chuma kinavyopata joto matundu yatapanda au kuhama upande mmoja.

Sasa nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, asubuhi mapema. Jua la Uganda likishapanda, hewa ya moto juu ya ardhi huichezesha picha ndani ya darubini. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mbele na nyuma. Rekebisha paralaksi, yaani kuhama kwa picha jicho linaposogea: sogeza jicho kidogo bila kugusa bunduki, na msalaba wa darubini usihame kwenye shabaha. Piga makundi manne ya risasi tano, kila kundi kwenye karatasi yake, na usubiri mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja. Risasi tatu hazitoshi kuthibitisha lolote, ingawa dhamana nyingi za viwanda hutaja tatu. Isome yako: mara nyingi hutaja pia aina ya risasi, na ukitumia nyingine umempa muuzaji mlango wa kutokea.

Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu la mbali zaidi, kisha toa kipenyo cha risasi. Kwa risasi ya ukubwa wa .308 kipenyo hicho ni milimita 7.8. Ukipata milimita 61, toa 7.8, inabaki 53.2, gawanya kwa 29.1 (milimita za dakika moja kwa mita 100), na jibu ni dakika 1.8. Andika hesabu hiyo juu ya karatasi pamoja na tarehe, aina ya risasi na uzito wake, kisha piga picha.

Umbo la kundi nalo linasema mengi. Vikundi viwili vidogo vilivyoachana huashiria kitu kilicholegea, hasa pete au darubini. Matundu ya mviringo mrefu, kama risasi imeingia kwa ubavu, maana yake risasi haitulii hewani: mifereji ya mtutu haizungushi kwa kasi inayotosha. Mtutu wa .223 wenye mzunguko mmoja kwa inchi 12 hauwezi kutuliza risasi nzito ya greni 77 (greni ni kipimo cha uzito). Hapo jaribu risasi nyepesi kwanza, bunduki yenyewe inaweza kuwa nzima. Ukiishuku darubini, zungusha kirekebishi chake kupandisha kliki 20 za 0.1 mil (kila kliki ni sentimita 1 kwa mita 100), kwa mita 100 kundi lipande sentimita 20. Lisipopanda, darubini ndiyo mbovu.

Usinoe mdomo wa mtutu, usibadili kifyatulio, usichonge kitako. Kila uliloligusa litasemwa ndilo lililoharibu.

Mwandikie muuzaji barua mapema. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake na ifae kazi uliyomweleza muuzaji, ila ukikaa nayo muda mrefu kimya utahesabiwa umeikubali. Ambatisha risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi), namba ya bunduki na nakala za karatasi. Taja unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, na umpe siku 14. Ipeleke kwa mkono na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp uwe nyongeza tu.

Akinyamaza, dai lisilozidi shilingi milioni 10 huenda kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, bila wakili. Bunduki na darubini pamoja mara nyingi huzidi hapo. Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza hadi milioni 20, na Hakimu Mkuu hadi milioni 50.

Akikubali kuipokea, usiikabidhi kwa basi wala boda. Waone kwanza polisi waliokupa kibali, wakuandikie namna ya kuisafirisha. Na akikupa bunduki nyingine, namba yake si ile iliyo kwenye kibali chako: usiondoke nayo dukani kabla kibali hakijabadilishwa.