Amal mbili, injini moja: jinsi ninavyozipatanisha kabureta

Pikipiki ya zamani ikianza kukohoa, kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ndiye mchawi wa kijiji: kila ugonjwa anasingiziwa yeye. Mimi nahangaika na Triumph Bonneville T120, ile ya cc 650 yenye silinda mbili na Amal Concentric mbili, kabureta zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1967. Utaratibu wangu haubadiliki: kabureta huguswa mwisho.

Kwa hiyo weka bisibisi chini kwanza. Injini ikiwa baridi kabisa, pima nafasi ya tapeti (visukuma vali): mm 0.05 upande wa kuingiza, mm 0.10 upande wa kutoa moshi. Pointi (swichi ndogo za kuwasha moto wa plagi) zifunguke mm 0.38. Moto uwake digrii 38 kabla pistoni haijafika juu, na hiyo ipimwe kifaa cha kuwahisha moto kikiwa kimefunguka hadi mwisho. Pima pointi za silinda zote mbili, kila moja peke yake. Silinda moja ikiwaka kwa kuchelewa, utazungusha skrubu za kabureta hadi giza liingie na sailensa (mwendo wa injini ikinguruma bila kuvutwa mafuta) haitatulia.

Kinachofuata ni hewa ya wizi, na hapa ndipo Concentric inapowatesa wengi. Mwili wake umetengenezwa kwa madini laini yenye zinki. Fundi mwenye mkono mzito akikaza nati mbili za flenji (uso bapa unaofunga kabureta kwenye injini) kwa nguvu zote, flenji inapinda, hewa inapenya pembeni, na slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kufungua koo la kabureta) inaanza kukwama ndani ya tundu lake. Fungua kabureta, weka rula ya chuma juu ya uso wa flenji, angalia kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita, bandika msasa laini juu ya kioo na usugue flenji taratibu hadi inyooke. Weka oringi (pete ya mpira ya kuziba) mpya. Nati zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, na uache pale oringi inapobanwa vizuri. Nguvu zaidi ya hapo ni uharibifu. Baadaye injini ikiwa inanguruma, nyunyizia maji kama ukungu kuzunguka flenji. Mlio ukibadilika, hewa bado inaingia.

Usafi sitauzungumzia sana, isipokuwa kitundu kimoja. Concentric nyingi zina jeti (kitundu cha kupimia petroli) ya sailensa iliyopigiliwa ndani ya mwili, haitoki, nayo ina tundu la mm 0.4 tu. Petroli ikilala humo inaacha utomvu, na huo utomvu hautishwi na kulowekwa usiku mmoja. Toa skrubu ya hewa, pulizia dawa ya kabureta kwenye tundu lake kwa mrija mwembamba. Dawa iruke kupitia vitundu viwili vidogo kwenye koo la kabureta, karibu na ukingo wa slaidi. Isiporuka, chukua keyi (ncha ya kutobolea) nyembamba ya mm 0.4, ishike kwa vidole, ipitishe kwenye tundu la skrubu ya hewa moja kwa moja hadi kwenye jeti. Mashine ya kutobolea isikaribie hapo. Vaa miwani, dawa hiyo hupenda kurudi machoni.

Sasa tuanze kutyuni. Fanyia kazi nje, kwa sababu moshi wa injini una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya, na uelekeze feni kwenye silinda kwani injini hii hupozwa na upepo wa safari. Endesha kwanza hadi ipate joto lake. Injini baridi inataka mafuta mengi, kwa hiyo ukiitega ikiwa baridi itakuwa imetegwa vibaya.

Kila kabureta ina skrubu mbili upande wake: iliyolala ni ya hewa, iliyoinama ni ya kuinua slaidi. Bana ile ya hewa taratibu hadi iguse, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Kwenye Amal, kuibana kunazidisha mafuta na kuilegeza kunazidisha hewa. Usichukue kanuni hiyo ukaipeleka kila mahali: kabureta za Mikuni kwenye Yamaha XS650 skrubu yake inapima mafuta, kwa hiyo mambo yanageuka.

Legeza waya za mafuta ziwe na uchezaji mdogo, ili slaidi zikae juu ya skrubu zake na si kuning'inia kwenye waya. Kisha washa injini kwa silinda moja. Waya wa plagi ya pili utoe, uweke na plagi nyingine iliyogusana na kichwa cha injini, mbali na petroli, la sivyo unaitesa koili. Inua slaidi ya silinda inayofanya kazi hadi injini isimame imara peke yake. Zungusha skrubu ya hewa robo robo, ukisubiri kidogo kila mara, hadi mlio uwe wa kasi na ulionyooka kuliko pote. Shusha slaidi mpaka injini inakaribia kuzima. Hamia silinda ya pili, fanya vilevile. Usikawie, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi.

Rudisha waya zote za plagi. Injini itanguruma kwa kasi mno, na hiyo ni dalili njema. Shusha skrubu zote mbili za slaidi kwa kiasi kilekile.

Bado waya za mafuta. Zima, toa eya klina, tia kidole kwenye kila koo na vuta mkono wa mafuta polepole. Slaidi mbili zianze kuinuka kwa wakati mmoja. Mimi huweka vipande viwili vya keyi ya unene mmoja chini ya slaidi na kusikiliza vinavyoanguka. Vikianguka pamoja, nimemaliza. Geji za vakyumu ni nzuri, lakini kwa kabureta mbili naziona ni mapambo.

Baada ya hapo ni barabarani. Bandika utepe kwenye mkono wa mafuta, weka alama za robo, nusu na robo tatu. Injini ikisita na kutema kupitia kabureta unapoanza kuvuta, slaidi yako ina mkato mkubwa mno kwenye ukingo wake wa chini. Namba 3 ina mkato wa inchi 3/16, na namba kubwa zaidi inaleta hewa zaidi. Kati ya robo na robo tatu ni kazi ya sindano inayoning'inia kwenye slaidi: kuiinua kipingili kimoja kunaongeza mafuta. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kuu, ambapo namba kubwa ni mafuta mengi. Badilisha kitu kimoja, kiandike, ujaribu tena kabla hujagusa kingine. Ukiwa na mashaka, funga choki kidogo ukiwa mwendoni: pikipiki ikichangamka, ilikuwa na njaa ya petroli, ikizidi kulegea, ilikuwa imeshiba kupita kiasi.