Kupima mwendo wa mkimbiaji kwa video ya simu: kuanzia uwanjani hadi kwenye laptopu

Mahitaji: simu inayorekodi fremu (yaani picha) 240 kwa sekunde, stendi, fimbo iliyopimwa mita 1 kamili, plasta nyeupe, na laptopu ya Windows yenye programu ya Kinovea, ambayo ni ya bure. Utapata vipimo vitatu: hatua kwa dakika, muda ambao unyayo unakaa chini, na pembe ya goti unyayo unapotua.

1. Uwanja na ruhusa

Tafuta mita 20 za ardhi tambarare. Barabara nyingi za Mbeya na Iringa zina mteremko hata pale jicho linapokuambia ni tambarare, na mteremko hubadilisha jinsi goti linavyokunjwa. Uwanja wa shule unafaa zaidi. Mstari wa kukimbilia uelekee mashariki na magharibi. Mwezi Juni jua letu hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo weka simu kaskazini mwa mstari ikitazama kusini, Desemba geuza. Anza saa nne asubuhi, ukungu ukishaondoka.

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na kwa mtoto zungumza na mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha za watu pia.

2. Alama za plasta

Nyonga, upande wa nje wa goti, na mfupa wa nje wa kifundo cha mguu. Papasa mfupa kwa kidole ndipo ubandike. Kaptula iwe ya kubana; ikiwa pana, alama ya nyonga itacheza na kitambaa na pembe yote itaharibika.

3. Simu na fimbo

Simu ikae kwenye stendi, mita 8 kutoka kwenye mstari, kimo cha nyonga. Ili itazame mstari kwa pembemraba, pima kwa kamba ya mita 3, 4 na 5 kama mafundi ujenzi wanavyofanya. Kama simu inaruhusu kuchagua muda wa mwanga kuingia kwa kila picha (shutter), weka 1/1000 ya sekunde. Mguu unaorushwa mbele unaweza kufikia mita 8 kwa sekunde. Kwa 1/240 utaacha ukungu wa sentimita 3 kwenye picha.

Fimbo ilale juu ya mstari wenyewe wa kukimbilia. Ukiisogeza mita 1 kuelekea simu, itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na hatua ya sentimita 100 itasomeka 87.5.

4. Hakikisha muda wa video

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika, na huharibika kimyakimya. Simu ikirekodi fremu 240 mara nyingi huhifadhi faili la kuchezwa kwa fremu 30, hivyo programu huona kila kitu kimechukua muda mara 8. Kosa hilo ni rahisi kulitambua. Lililo baya zaidi ni la simu za bei nafuu zinazojitangaza kuwa na 240 huku zikirudia kila picha mara mbili, au zinazopunguza fremu zenyewe mwanga ukififia. Kwa baridi na mawingu ya Mufindi au Njombe hilo si jambo geni.

Kwa hiyo angusha jiwe. Mahali palepale na kwa mwanga uleule, simamisha fimbo, achia jiwe kutoka mita 1 na urekodi. Litafika chini kwa sekunde 0.45. Hesabu fremu: kwa 240 zitakuwa 108, kwa 120 ni 54, kwa 60 ni 27. Kwa kuwa jiwe huanza taratibu sana, jicho huchelewa kuona lilipoachiwa, hivyo 100 badala ya 108 isikutishe. Ukipata 54, simu yako inatoa 120. Ukipata 108 lakini kila picha inajirudia, hiyo pia ni 120. Mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, haubadilishi hesabu hii kwa kiasi cha kuonekana.

Baada ya hapo, ingiza kasi halisi ya kurekodi kwenye mipangilio ya muda ya Kinovea. Rudia jaribio la jiwe kila mwanga unapobadilika.

Usihamishe video kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Huibana na kuipunguzia ubora. Tumia waya, au itume kama dokumenti.

5. Kupima

Chora mstari juu ya fimbo, ubofye kulia, uipe urefu wa mita 1. Pima mguu ulio upande wa simu tu, na katikati ya picha tu; pembeni simu humtazama mkimbiaji kwa mshazari. Mguu wa pili utaupata akirudi. Chukua mapito matano kwa kila mguu.

Hatua kwa dakika: hesabu fremu tangu unyayo utue hadi unyayo uleule utue tena, kisha 120 × 240 ÷ fremu hizo. Fremu 160 ni hatua 180.

Muda wa unyayo kukaa chini usipimwe kwa fremu 60. Sekunde 0.25 ni fremu 15 tu, na ukikosea fremu moja wakati wa kutua na moja wakati wa kunyanyuka, umekosea asilimia 13.

Programu zinazotafuta viungo zenyewe, kama MediaPipe yenye pointi 33, nazishauri baadaye. Kwa video ya ubavuni huchanganya mguu wa kulia na wa kushoto miguu inapopishana, na asiyewahi kupima kwa mkono hatalibaini kosa hilo.

Pembe ya goti: nyuzi 180 ni mguu ulionyooka, 160 ni goti lililokunjwa nyuzi 20. Plasta hucheza na ngozi, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 3 au 4 kati ya mguu na mguu haitoshi kumbadilishia mtu mazoezi.