Mbio za baiskeli za milimani kwa jozi: mwongozo kutoka gurudumu la nyuma

Ushauri mwingi niliowahi kupewa kuhusu mbio za wawili wawili ulitoka kwa watu wenye nguvu kuliko wenza wao. Mimi hushiriki nikiwa upande wa pili. Mwenza wangu ni shemeji yangu. Kwenye mteremko wa mawe namtangulia, ila mlima mrefu ukianza ananiacha hata asipotaka. Kwa hiyo haya yanaandikwa kutoka gurudumu la nyuma, na msimamo wangu ni mmoja: jozi huenda kwa mwendo wa yule aliyechoka zaidi siku hiyo. Basi kila uamuzi, wa nani atangulie, nani abebe pampu, nani ajaze chupa, ufanywe kwa kumfikiria yeye.

Kanuni zenyewe zinaelekea huko. Chukua Cape Epic ya Afrika Kusini, inayofanyika tangu 2004: ni mbio za timu za watu wawili, kwa kawaida siku 8, yaani hatua fupi ya utangulizi kisha hatua 7, na wenza hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika 2. Wakikutwa wameachana wanaadhibiwa. Saa ya timu husimama pale wa pili anapovuka mstari, kwa hiyo mwenye mbio akifika peke yake hajapata chochote. Transalp, iliyoanza 1998 kwa kuvuka milima ya Alps, nayo ilijengwa juu ya jozi. Mimi naona hekima ya usalama ndani yake: ukianguka kwenye njia nyembamba mbali na barabara, wa kwanza kukufikia ni mwenzako. Kabla ya kujisajili someni kitabu cha kanuni wote wawili, hasa sehemu ya kusukumana kwa mkono, kuvutana kwa kamba na kuazimana vipuri, kwa sababu mashindano hutofautiana katika mambo hayo.

Kumpata mwenza

Wengi huanza kwa kulinganisha kasi. Anzeni na lengo. Mnataka nafasi, au mnataka kumaliza? Mmoja akiugua katikati ya mbio, mwenzake ataendelea au atasimama? Kuna siku mtakayokubali kwenda polepole kwa makusudi? Watu wawili wenye nguvu tofauti na lengo moja wanaweza kupangilia tofauti yao. Wenye nguvu sawa na malengo tofauti wataanza kununiana siku ya pili.

Baada ya hapo ndipo mjipime barabarani. Saa moja ya kukimbizana haiwaambii kitu. Endesheni siku mbili mfululizo, saa nne au tano kila siku, kwenye njia ya milima, na muwe makini na siku ya pili baada ya saa ya tatu. Hapo ndipo utamjua mtu. Kuna anayenyamaza akiishiwa sukari, kuna anayekasirika, kuna anayeongeza mwendo ili amalize haraka. Mimi hunyamaza. Shemeji alilijua hilo kwenye mazoezi, na tangu hapo nikikaa kimya kwa muda mrefu hunipa chakula kabla ya kuniuliza chochote.

Kuwa mwenza ni ujuzi unaojitegemea. Karl Platt wa Ujerumani alishinda Cape Epic mara 5 kati ya 2004 na 2016, na Christoph Sauser wa Uswisi naye mara 5, na hakuna kati yao aliyeshinda zote akiwa na mwenza yuleyule. Mtu wa namna hiyo anajua kuisoma miguu ya mwenzake kama anavyoisoma yake.

Nani atangulie

Hapa ndipo muda mwingi hupotea au kuokolewa.

Kwenye tambarare na kwenye upepo, mwenye nguvu atangulie na mwingine akae kwenye gurudumu lake, nusu mita hadi mita moja nyuma pale ardhi inaporuhusu. Katika mwendo wa kilomita 32 kwa saa, anayejikinga nyuma huokoa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Aliye mbele asiongeze mwendo kwa ghafla akitoka kwenye kona. Aongeze pole pole, ahesabu hadi tano, kisha ndipo arudi kwenye kasi yake. Aliye nyuma akishaachwa mita kumi, upepo wote ni wake na mpango umevunjika.

Kwenye mlima mkali mnaenda kilomita 8 au 9 kwa saa. Kwa kasi hiyo upepo si kitu, kwa hiyo hakuna faida ya kumfuata mtu. Mwacheni dhaifu atangulie na aweke mwendo wake. Mwenye nguvu akae nyuma au ubavuni, na kama yuko ubavuni, usukani wake usipite usukani wa mwenzake. Ile tabia ya kutanguliza nusu gurudumu kila unapofikiwa inaua jozi nyingi kuliko pancha. Anayefanya hivyo hajui kama anafanya. Anayefanyiwa anajua kila sekunde, na anajikuta akifukuza mtu ambaye hafukuziki.

Halafu kuna hili la kusubiri kileleni. Mwenye nguvu anapanda kwa mwendo wake, anafika juu, anakunywa maji, anapumua, na mwenzake anapotokea tu anasema "twende". Aliyepumzika ni yule asiyehitaji kupumzika. Aliyechelewa anaingia kwenye mteremko akiwa anahema, mikono inatetemeka, na huko ndiko watu huanguka. Kama umetangulia na ukasubiri, mpe mwenzako dakika moja kamili ya kula na kunywa. Bora zaidi, usitangulie.

Kwenye mteremko wa mawe na mizizi atangulie anayeona njia vizuri, hata kama ndiye mwenye miguu dhaifu. Kwetu huyo ni mimi. Napaza sauti neno moja moja: "kushoto", "shimo", "mchanga". Anayefuata aache nafasi ya kuona ardhi iliyo mbele yake, maana ukikaa karibu unachoona ni tairi la mwenzako tu.

Kusukuma kwa mkono, kanuni zikiruhusu, kufanywe mapema kwenye miinuko laini, mkono ukiwa mgongoni chini ya kiuno, polepole na bila kushtua. Mwenye nguvu asingoje mpaka mwenzake ameisha. Na anayesukumwa akubali. Nimeona watu wakikataa mkono kwa aibu kisha wakalipa kwa nusu saa mchana. Mkono ule ni nguvu ya timu, na wewe ni nusu ya timu.

Namba badala ya maneno

Mkiwa mmechoka kila neno lina miiba. "Uko sawa?" inasikika kama lawama, na "jikaze" ni mbaya zaidi. Sisi tunatumia namba. Moja, ningeweza kuimba. Mbili, naongea sentensi nzima. Tatu, maneno machache, lakini naweza kukaa hapa saa nzima. Nne, nina dakika chache tu. Tano, simama. Nikisema "Shem, nne", yeye hajibu kitu, anapunguza tu. Dakika mbili baadaye nasema "tatu" na tunaendelea. Anayetumia namba hizi aseme ukweli hata pale anapotamani kuficha, na mwenzake asibishe namba aliyopewa.

Siku ya kwanza zitumieni kwa ukali kabisa. Hatua ya utangulizi mara nyingi hupanga makundi ya kuanzia, kwa hiyo kishawishi cha kwenda kwa nguvu zote ni kikubwa. Kwa jozi inayotaka kumaliza, dhaifu asipite "tatu" siku hiyo wala asubuhi ya hatua inayofuata. Mtakaowapita siku ya tano ni hao hao wanaowapita sasa.

Chakula

Gramu 60 za wanga kila saa ni kiwango cha kuanzia. Aliyezoeza tumbo lake anaweza kufika 90, mradi achanganye glukosi na fruktosi, kwa kuwa hizo mbili hunyonywa kwa njia tofauti. Uwezo wa utumbo kunyonya wanga hautegemei sana ukubwa wa mwili, kwa hiyo aliye mdogo asile nusu ya mwenzake kwa kudhani ndiyo haki yake. Saa ya shemeji hulia kila dakika 20, na ikilia wote tunakula, mlima au si mlima. Tunaweka chumvi kwenye maji, hasa siku za joto.

Msigawane chupa. Tumbo likimvuruga mmoja, kesho litawavuruga wote wawili. Njia zikipita kwenye malisho ya ng'ombe, tumieni chupa zenye kifuniko mdomoni, na mnawe mikono kabla ya kula mkifika.

Baiskeli na mizigo

Mkiweza, fananisheni baiskeli: ukubwa uleule wa magurudumu, cheni ya idadi ileile ya giya, pedali za aina moja, pedi za breki za aina moja. Hapo seti moja ya vipuri inawatosha wawili. Kile kipande kidogo kinachoshika giya ya nyuma kwenye fremu karibu kila baiskeli ina chake, kwa hiyo bebeni vya aina zote mbili.

Kila mmoja awe na vijiti vya mpira vya kuziba tairi isiyo na tyubu, mahali anapofikia bila kuvua begi. Pampu, tyubu, pingili za kuungia cheni na vifaa vingine vikae kwa mwenye nguvu. Hesabu yake ni rahisi. Mimi na baiskeli yangu pamoja ni kama kilo 67. Nikimpa kilo moja na nusu ya mizigo, nimepungukiwa na zaidi kidogo ya asilimia 2, na kwa kuwa kwenye mlima mkali karibu nguvu yote inapigana na uzito, mlima wa saa nzima unapungua kwa dakika moja na zaidi. Yeye kwenye mlima huohuo ana akiba.

Maji ya kuziba tairi hukauka baada ya miezi michache, jazeni mapya wiki ya mbio. Pedi mpya za breki zizoezwe kabla ya kuanza, na mchukue za akiba, kwa maana siku moja ya matope yenye mchanga inaweza kuzimaliza.

Kwenye kituo cha maji gaweni kazi kabla hamjafika. Mmoja anajaza chupa zote nne, mwingine anachukua chakula na kupaka cheni mafuta, kisha mnaondoka pamoja.

Jioni

Vueni kaptula zilizolowa mara tu mnapofika. Vidonda vya kukalia vimewaondoa watu wengi ambao miguu yao ilikuwa mizima. Kaptula ya baiskeli haivaliwi na chupi ndani, na mafuta ya kupaka hupakwa asubuhi kabla ya msuguano kuanza. Kuleni ndani ya nusu saa ya kwanza. Osheni baiskeli, kagueni spoku na pedi, kisha mlale mapema.

Kabla ya kulala tunakaa dakika kumi na ramani ya kesho. Tunaandika kwenye kipande cha utepe kilomita za vituo, za milima mikubwa na muda wa mwisho wa kufika kila kituo, kisha tunaubandika kwenye fremu. Ikiwa kuna jambo lililomuudhi mmoja wetu njiani, linasemwa hapo, kwa sentensi moja, na mwingine anajibu "nimesikia". Maelezo marefu yanangoja mbio ziishe.

Mmoja akishindwa kuendelea

Zungumzieni hili nyumbani, mkiwa na akili iliyotulia. Baadhi ya mashindano, Cape Epic ikiwemo, humruhusu aliyebaki kuendelea bila kuhesabiwa kama timu. Sisi tumeahidiana kwamba anayeacha atamwambia mwenzake "endelea", na mwenzake hatabembelezwa mara ya pili.

Mambo matatu hayana mjadala. Ukigonga kichwa na ukawa na kizunguzungu, kichefuchefu au kusahau, umemaliza, hata kama unaona uko sawa. Ukiwa na homa, usipande baiskeli, kwa sababu kujisukuma na homa kunaweza kuudhuru moyo. Na dawa za maumivu kama ibuprofen msizimeze ili mwendelee kukimbia mkiwa mmepungukiwa maji. Figo ndizo zitakazoumia. Uamuzi wa kuacha mbio asiachiwe mgonjwa peke yake. Shemeji ana ruhusa yangu ya kunishusha kwenye baiskeli, nami ninayo yake, na tulipeana mbele ya dada yangu, ambaye ndiye mkewe.