Maonesho ya sayansi katika shule ya kata: hatua tunazofuata huku Chamwino

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu wa Bahi alinipigia simu. Anataka kuanzisha maonesho ya sayansi, na shule yake haina maabara wala umeme wa uhakika. Sisi tumeshayafanya mara tatu katika hali hiyo hiyo. Nilimweleza hivi.

1. Ruhusa na tarehe. Mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, kisha mtendaji wa kijiji ili wazazi wapate habari. Anza Julai shule zikifunguliwa, onesheni mwishoni mwa Agosti. Ukianza Mei, likizo ya Juni itakausha mimea yote makoponi.

2. Swali. Kila kundi la watoto wawili au watatu lilete swali linalojibiwa kwa kupima. "Umuhimu wa maji" si swali. "Maji ya chungu hupoa kuliko ya ndoo ya plastiki kwa nyuzi ngapi?" ni swali. Wasichana wawili wa Kidato cha Pili walilifanyia kazi siku 14 kwa themometa ya kuazima: kivuli kimoja, kisima kimoja, lita tano kila chombo. Waliona chungu kikitoa jasho, hewa yetu kavu ikilinyonya, na joto likiondoka nalo.

Volkano ya magadi na siki, yaani lile povu linalofoka kama volkano, naikataa, maana mtoto hagundui chochote. Badala yake nawasimulia habari za Erasto Mpemba, aliyekuwa Kidato cha Tatu shule ya sekondari Magamba mwaka 1963 alipoona mchanganyiko wa aiskrimu ukiwekwa wa moto unaganda kabla ya uliopoa. Alichekwa, akaendelea kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, wakalichapisha jambo hilo.

3. Mabango. Maboksi ya dukani, maka peni, gundi ya unga wa ngano. Ya kuchapishwa mjini hapana.

4. Majaji. Hapa ndipo tulipoumia mwaka wa kwanza. Tulikuwa na miradi 24 na majaji sita, kila mradi ukapitiwa na majaji wawili. Mmoja wao hakuzidisha alama 55 kwa yeyote, mwingine hakushuka chini ya 75. Aliyeangukia majaji wapole akaongoza. Tulipogundua, tulianza kuhesabu upya kwa tochi ya simu huku watoto wa vijiji vya mbali wakisubiri gizani. Sitaki yakukute.

Kwanza, kabla ya kuanza, majaji wote wapime mradi mmoja usioshindana, wasome alama zao kwa sauti na kuelezana sababu. Nusu saa hiyo usiifupishe hata mgeni rasmi akiwa amefika. Pili, kila mradi upitiwe na majaji watatu: miradi 24 mara tatu ni ziara 72, yaani 12 kwa kila jaji. Kwa dakika kumi kumi ni saa mbili. Tatu, sita bora wapitiwe na majaji wote sita, na mshindi apatikane kwa alama za mzunguko huo peke yake. Mwalimu asimpime mwanafunzi aliyemsimamia. Akiwa jaji, miradi yake isiingie kwenye orodha yake, na ikifika sita bora akae pembeni, mgawanye jumla ya alama kwa idadi ya majaji waliobaki. Fomu zikusanywe kila baada ya miradi minne, zijumlishwe papo hapo na watu wawili.

Alama zetu: swali 20, njia ya kupima 30, daftari la kumbukumbu 25, maelezo ya mdomo 25. Urembo wa bango hauna alama. Na maelezo yawe kwa Kiswahili, tafadhali. Nimemwona kijana akikwama kwa Kiingereza mbele ya makopo yake ya uwele. Jaji alipomwambia "eleza tu", akaonesha mbegu zilizooza, akataja kisima chenye chumvi, akasema kwa nini alipanda 20 kila kopo.

5. Siku yenyewe. Madarasani, si uwanjani. Upepo wa Agosti hauachi bango.

6. Baadaye. Madaftari yabaki ofisini. Julai ijayo wape Kidato cha Kwanza wayasome kabla hawajachagua maswali yao.